Jina la Salome kwenye Bunduki ya Babu

Mjukuu wangu, mume wangu Baraka,

Huku Lewisham tu wazima. Mama yako mdogo bado anafanya zamu za usiku hospitali. Wanawe nawasemesha Kiswahili, wao wananijibu kwa Kiingereza.

Picha za bunduki uliyorithi kwa babu yako nilimpelekea mzee mmoja wa Croydon anayethamini silaha za kale. Aliutambua ule mkono wa chuma wa kukokia, akasoma alama za mtutu, akasema ni ya Marekani, ina zaidi ya miaka mia, na wanunuzi wanazipenda. Ila jina lililochongwa kwenye kitako linapunguza bei.

Unauliza Salome ni nani, na kama ulifute. Nami nilipoolewa niliuliza. Babu yako alikuwa akiipaka bunduki mafuta, na kidole chake kikakawia juu ya jina lile.

"Alikuwa mchumba wangu," akasema. "Alifariki kabla ya harusi."

Wivu ukanipanda, nikamwonea hata marehemu. Nikaleta kisu, nikamwambia alikwangue. Akaniwekea bunduki mapajani.

"Likwangue wewe, mke wangu. Mimi siwezi."

Nilikiweka kile kisu juu ya herufi ya kwanza. Kisha nikawaza kwamba nikitangulia kufa mimi, na mwanamke mwingine akaja na kisu chake, atajibiwa hivyo hivyo. Nikakirudisha jikoni.

Usilifute, hata ukiuza. Wivu ninao hadi leo, na nikiwakuta huko mbinguni nitakaa katikati yao.

Bibi yako anayekupenda