Usawa wa Masikio ya Mama Yako

Palma, Agosti 2014

Mwanangu Aiuba,

Sanduku ulilotutumia kutoka Pemba limefika salama, spika zote tano na subufa yake. Sisi wazima, ila mama yako anakohoa kidogo.

Maelezo nimeyasoma yote. Spika ya kati nimeiweka chini ya televisheni, na mbili za mbele pembeni, zikimwelekea msikilizaji. Zinazonisumbua ni za nyuma. Zinatakiwa kutundikwa usawa wa masikio, lakini masikio ya nani? Mimi hukaa kitini, mama yako mkekani. Tangu juzi nazipandisha, nazishusha, situlii.

Jana nikaazima keekee. Mama yako akasimama mbele ya ukuta.

"Mwalimu mzima wewe! Mtoto anatuambia tuhame, nawe unatoboa ukuta?"

"Mama Aiuba, hatujakubali kuhama."

"Basi mwandikie hivyo. Usimjibu kwa spika."

Amesema kweli. Ile karatasi ya kuwaachia watu wa gesi nyumba yetu niliiona sandukuni, nikajifanya nimeona waya tu. Najua wakubwa wako huko kazini, kwa hao watu wa gesi, wanaisubiri. Sijaisaini, Aiuba, wala sitaisaini.

Spika nimezitundika leo asubuhi, usawa wa masikio ya mama yako, naye ndiye aliyenishikia ngazi. Ikiwa jibu hili litakuponza kazini, rudi nyumbani, mwanangu. Chumbani mwako hatujaweka kitu.

Baba yako,
Bashiru