Kisanduku cha PC Ubavuni mwa Ajuza

Jumatatu, 3 Mei

Kama akili zingepimwa kwa mzani, mimi ningebebwa na lori, tena lile la matairi kumi! Nasema bila majivuno. Ni taarifa tu. Shule iliponishinda kidato cha pili — hapana, nilipoishinda shule — walimu walidhani nimepata hasara mimi. Watajionea wenyewe.

Leo mama karudi kutoka hukohuko shuleni hana raha. Yeye ndiye anayewachapia mitihani, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Wateja wengine wa barua na kadi za mwaliko ni wa kupita tu. Sasa mwalimu mkuu kaamua: kuanzia muhula huu mitihani italetwa kwenye diski za PC, na anataka irudi kwenye diski za PC. Ijumaa mchana. Ikishindikana, kazi yote inahamia kwa Bwana Leza pale kona, yule mwenye PC tatu na kitambi kimoja.

Kompyuta yetu si PC. Ni Ajuza. Kompyuta ya nyumbani ya zamani, mwili na kibodi kitu kimoja, rangi imekuwa kama meno ya mvuta sigara. Ukimpa diski ya PC anaikodolea macho tu kama mgeni aliyeulizwa njia.

Mama kasema, basi, atarudi kiwandani kushona. Kile kiwanda kilichomfanya akohoe usiku kucha hadi majirani wakawa wanatuletea dawa! Kasema taratibu, huku anapanga karatasi zilizokwisha pangwa.

Nimemwambia, mama, niachie mimi. Kanitazama kama anavyotazama wingu jeusi wakati nguo ziko kambani.

Kwa kweli Ajuza ni wa mjomba, kaka yake mama, fundi wa televisheni, anayelala chumba cha nyuma. Mchana mama anachapia, jioni mjomba anacheza drafti. Si drafti ya kununua! Kaiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, mwaka wa tatu huu, anaifundisha kama mtoto. Siku hizi inamfunga. Ikimfunga anapiga makofi utadhani kashinda yeye. Diski yake haitoki mfuko wa shati. Niliwahi kumuuliza mbona haweki nakala. Akasema, we ukizaa mtoto utamfanyia nakala?

Jumanne, 4 Mei

Nimepata dawa! Tena imekuwa ikishikilia mlango.

Tarishi wa ile ofisi ya bima iliyofungwa alipewa takataka zao aziweke stoo. Nilikwenda kumtengenezea redio. Waya mmoja tu ulikuwa umekatika, kazi ya kupenga kamasi, lakini nilikunja uso muda mrefu ili aone ugumu. Nikainua macho — mlango wa stoo umezuiwa na kisanduku cha chuma chenye mdomo mrefu pembeni. Ule mdomo naujua! Ubavuni mwa Ajuza kuna tundu la saizi ileile, tangu aje kwetu lina kifuniko na buibui.

Ndani ya kisanduku kuna PC nzima: bodi yake, chipu yake, kumbukumbu yake, tundu lake la diski, hata umeme wake. Isipokuwa haina skrini wala kibodi. Unaichomeka ubavuni, inaazima vya Ajuza. Watu wawili, koti moja. Tarishi kasema ofisini walikuwa nacho kwa ajili ya kompyuta kama yetu. Kanipa na diski yake ya kuwashia, na kitabu cha maelezo kilichobaki nusu, nusu nyingine wamefungia karanga. Kitabu sina haja nacho.

Mjomba kapandwa na hasira. "Utamchoma Ajuza wangu! Unamwekea mtu mzima figo ya kuokota?"

Mama kasema neno moja tu. "Kaka."

Mjomba kasema sawa, lakini Ajuza akitoka moshi, na wewe utatoka moshi.

Jioni nilikuwa chini ya meza natafuta pa kuchomeka plagi ya pili, bisibisi mdomoni. Mjomba kasimama juu yangu anaeleza kitu kuhusu drafti yake na lile boksi la viatu ambalo mama huwekea diski tupu. Nikaitikia mh. Mh. Daktari akiwa kashika kisu, unampigia soga?

Jumatano, 5 Mei

Skrini nyeusi.

Nimechomoa, nimechomeka. Nyeusi. Nimesugua meno ya shaba kwa kifutio cha penseli, yakang'aa kama pete ya bibi harusi. Nyeusi!

Mdogo wangu — tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia — kaenda kutangaza mtaa mzima kwamba kaka yake kamuua Ajuza. Mtu kaja kutoa pole. Kweli kabisa, kavua kofia.

Mjomba kala chakula kageukia ukuta. Mama naye kaulizia kwa jirani kama kiwandani bado wanaandikisha.

Nimefungua kile kitabu. Bila mtu kuniona.

Alhamisi, 6 Mei

MIMI!

Ukurasa wa kwanza kabisa, chini ya doa la mafuta: washa kisanduku kwanza, subiri taa itulie, ndipo uwashe kompyuta. Nami jana siku nzima nilikuwa naanza na Ajuza! Yaani nilikuwa namkaribisha mgeni wakati mwenye nyumba ndiye kalala nje. Au kinyume chake. Vyovyote.

Nikawasha kisanduku. Feni ikakohoa, ikatema vumbi la bima. Taa ikatulia. Nikawasha Ajuza. Skrini ikawa ya bluu kama kawaida yake, kisha katikati likafunguka dirisha jeusi, na ndani yake maandishi meupe yakaanza kuhesabu kumbukumbu. PC! Ndani ya Ajuza! Nikapiga yowe, mama katoka mbio ameshika mwiko.

Akapiga hatua moja kuelekea mezani — pwa. Ikazima.

Nikawasha tena, ikawaka. Redio akapita na ndoo — pwa. Nikainama kutazama. Kumbe kisanduku ni kifupi kuliko Ajuza, kinaning'inia kwa mdomo wake, sakafu ikitikisika tu mdomo unateleza. Kinataka kitu cha kukinyanyua. Nikajaribu kibao, kinene. Kadibodi, nyembamba. Nikaenda chini ya kitanda nikatoa kitabu changu cha hisabati cha kidato cha pili. Sawasawa! Kama kilichapwa kwa kazi hiyo. Mwalimu wa hisabati alisema kitabu hiki siku moja kitaniinua. Basi kimeanza na kisanduku.

Mjomba kaja, kazunguka meza, kagusa kila waya kwa kidole kimoja. Karuka mara mbili pale sakafuni kwa makusudi. Haikuzima. Kasema "Hm." Kwa mjomba hiyo ni hotuba.

Mama akatoa ile diski ya shule. Tukaiingiza. Ikasoma! Jiografia, kidato cha tatu, imejaa makosa ya chapa na majedwali yaliyopinda. Mama kakaa kitini, kavunja vidole, kaanza. Redio yuko kidato cha kwanza shule hiyohiyo, na siri haimkai, kwa hiyo alifukuzwa chumbani na mlango ukapigwa kufuli. Alilala chini akachungulia uvunguni mwa mlango. Nikaweka ndala yangu hapo. Kasema inanuka kuliko mtihani.

Mwishoni ikabaki kuhifadhi. Karani wa shule kashasema diski yake isiguswe, kazi irudi kwenye diski nyingine. Nikatia mkono kwenye boksi la viatu, nikatoa moja ya juu, ya bluu, haina lebo, ina kidoa chekundu cha rangi ya kucha pembeni. Mama na rangi zake! Nikaipa PC. PC ikasema haisomeki. Hata diski tupu huambiwa hivyohivyo, hilo kila mtaalamu anajua. Nikaifomati, yaani nikaipiga deki iwe ya PC, nikaweka mtihani, nikaandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri.

Mama kanishika kichwa kwa mikono miwili kama tikiti. Nilijifanya nina vumbi jichoni.

Ijumaa, 7 Mei

Nimekwenda mwenyewe na mama. Nimevaa viatu.

Mwalimu mkuu ndiye yuleyule aliyeniambia muhula wangu wa mwisho nikatafute kazi inayotaka nguvu. Kaitia diski kwenye PC yake. Mama kakaza mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Ikafunguka! Majedwali yamenyooka, ramani ina fremu, maswali yanasomeka. Kaipitia yote mpaka chini, kisha kamwambia mama, basi, kazi ni yako mwaka mzima, na majaribio ya nusu muhula nayo nitakuletea.

Halafu kanigeukia mimi. "Na wewe siku hizi unafanya nini?"

Nikamwambia, naendesha kitengo cha kompyuta.

Mama kakohoa. Kikohozi cha kuzuia kicheko, si kile cha vumbi la pamba la kiwandani.

Njiani hakutembea, alielea. Kamsalimia kila mtu, hata mbuzi. Tulipopita kona, Bwana Leza alikuwa mlangoni kashika kiuno, kauliza eti ni kweli mmenunua PC. Nikamwambia hatukununua, tumeizalisha.

Tulipofika, mama kachukua kile kimkoba cha zamani cha kiwandani, chenye mkasi na kitambaa cha kufunga puani, kampa Redio achezee. Usiku kalala bila kuambiwa mara mbili. Nyumba nzima imepumua. Hata mimi kifua kimekuwa chepesi, ingawa sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Hata chembe.

Jumamosi, 8 Mei

Asubuhi wateja wawili wa diski za PC! Mmoja kahama kutoka kwa Bwana Leza. Mjomba katoka chumba chake kuja kuwaonyesha kisanduku, anawaeleza kama yeye ndiye aliyekibuni. "Huyu mpwa wangu," anasema, "mnamwona hivi? Fundi." Neno hilo halijawahi kutoka mdomoni kwake kwa mtu mwingine yeyote. Kuna watu wana vyeti ukutani na hajawaita fundi.

Mchana kaoga, kavaa shati safi. Jioni kapanga viti viwili mbele ya Ajuza, kimoja chake, kimoja changu. Kasema wiki nzima kajinyima drafti kwa ajili ya dada yake, na leo kuna heshima: mtoto wake atacheza na mimi kwanza. Kisha kasema na kwa kuwa sasa Ajuza ana akili mbili, labda nimsaidie kuihamisha drafti ikae na upande wa PC pia, iwe inafikiri haraka.

"Haya, fundi. Nipe diski yangu."

Nikamuuliza, si iko mfukoni?

"Si nilikwambia? Nilipokuwa namshika Ajuza na waya zako nilihofia nitaivunja. Nimeiweka kwenye boksi la viatu, juu kabisa. Ile ya bluu. Nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya mama yako, usije ukaichanganya. Ukaitikia wewe mwenyewe!"

Nimemwambia ngoja nifike chooni mara moja.

Niko chooni. Kalamu inaandika vibaya, nimeegemea mlango.

Kusema kweli diski haikuwa tupu. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Ajuza, na PC hiyo lugha haiijui, ikasema tu haisomeki, kama mtu anayeitwa na mgeni akadhani anakohoa tu. Ningeitia kwa Ajuza kwanza. Palepale, kwenye tundu lake mwenyewe la diski, angeniambia kilichomo kabla sijavuta pumzi. Hakuna mtu mwingine mtaa huu anayezijua zile mashine zote mbili. Mimi peke yangu. Na sikumuuliza.

Hata nikikimbia shuleni sasa hivi nikaiombe, ile diski ina jiografia ya kidato cha tatu.

Nasikia mama anacheka jikoni. Redio anamuuliza mjomba, mtoto wako akinifunga mimi utafurahi? Mjomba kasema atafurahi mpaka alie. Kiti kinavutwa. Mjomba kashamwasha Ajuza, kisanduku kwanza, kasubiri taa itulie, kajifunza vizuri. Feni inakohoa.

Nimeifuta drafti ya mjomba. Yote. Miaka yote ile.

Anagonga mlango. Anauliza, fundi, umezama humo?