Jina la Jafari Lilisomwa Maulidini

Goma, Keshero
18 Juni 2002

Mpendwa yaya wangu Nasiba, dada yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Nakuuliza kwanza uzima wako, na uzima wa shemeji Mwinshehe, na ule mguu wako unaovimba wakati wa joto. Sisi huku tuko wazima, alhamdulillahi. Watoto wanakula, ingawa si kama zamani. Mimi nakohoa kidogo, ni vumbi la mawe, lisikutie hofu.

Yaya, nina jambo linanichanganya kichwa na sina wa kumuuliza isipokuwa wewe uliye huko Tanga. Nitalieleza polepole, maana hata mimi nikilieleza haraka linanipotea.

Siku ile mlima ulipopasuka, mwezi wa kwanza, bwana yangu Jafari alikuwa ameondoka asubuhi na kamyo, lile lori lake, kwenda Kibati kupakia makaa. Moto ulishuka kwa njia ileile aliyopandia. Nikashika watoto, tukavuka barière ya mpaka wa Rwanda na watu wote, tukalala Gisenyi kwenye uwanja wa shule. Tuliporudi, katié yetu yote, mtaa mzima, ilikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi, hata sikuweza kujua mlango wangu ulikuwa wapi. Na Jafari hakurudi. Huyu anasema kamyo iliungua. Yule anasema askari wa uasi waliikamata kule juu iwabebe, yeye akiwa kwenye usukani. Nimepanda mpaka Kanyaruchinya kuuliza wenye mashamba. Kila mmoja ananipa habari yake, na zote hazifanani.

Sasa sikia habari ya Maulidi. Mwaka huu tulichelewa kwa sababu msikiti haupo. Ulipofika mwisho wa mwezi wa Maulidi, Shehe Idriss akasema Mtume hasubiri matofali, tukatandika shitingi za plastiki za wakimbizi juu ya mawe palepale msikiti uliposimama. Mahali pengine bado pana joto, na wazee walipagombania. Mmoja akasema, “Mungu ametuwekea mbabula ya makaa chini ya matako.” Tulicheka, Mungu atusamehe. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile. Pilau tulipika, nyama ilikuwa kidogo, lakini harufu ilifika mpaka kwa majirani wakristo, nao wakaja na sahani zao kama kila mwaka.

Unakumbuka desturi yetu, kabla ya kusoma Shehe anauliza nani ana maiti wa mwaka huu, na kila nyumba inataja jina lake, tunasoma Fatiha. Majina yalikuwa mengi. Nilikuwa nasikiliza tu, nalia na wenzangu. Halafu shemeji yangu Yuma, mdogo wake Jafari, akasimama katikati ya wanaume akasema kwa sauti, “Jafari mwana wa Ramazani, alikufa na volkano.”

Yaya, watu wote waliinua mikono. Na mimi niliinua. Mikono ilipanda yenyewe kwa mazoea, mdomo ukasema amina. Nilipotambua amina ile ilikuwa ya nani, ilikuwa imekwisha kutoka.

Asumini binti yangu ndiye aliyesimama. Akasema mbele ya watu, “Baba mudogo, ulimuzika wapi?”

“Mutoto, nyamaza.”

“Ninauliza kaburi, tukaimwangilie maji!”

Yuma akaanza kulia kama mtoto. Alisema ndugu yake anamjia katika ndoto akiwa na kiu, na yeye hawezi kuendelea kumwacha bila dua. Sikuweza kumchukia. Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kunifunika shuka nyeupe, wakaniketisha, mkono wa rambirambi ukaanza kupita. Tangu siku hiyo nimekaa eda ndani ya nyumba ya kupanga, siendi ziwani kununua sambaza, wale dagaa wetu, siendi sokoni. Tunakula kile majirani wanacholeta.

Nilimwomba Shehe Idriss anieleze hukumu yangu. Akasema mtu aliyepotea anangojewa, hasomwi pamoja na waliokufa, na Yuma alikosea. Nikauliza, basi nivue shuka? Akashika ndevu, akasema dua iliyokwisha kusomwa hairudishwi, na watu wamekwisha kulia, tungoje kwanza. Wanawake wa msikiti wanasema nikivua nimemdharau marehemu. Nikauliza marehemu gani? Wakanipa uji.

Juma lililopita ndipo alipokuja Kakule, mfanyabiashara wa Butembo ambaye Jafari alikuwa anambebea mizigo. Alikuwa ametoka Tanga kuchukua marobota yake ya nguo. Aliponiona na shuka nyeupe akabaki ameshika mlango.

“Mama Asumini, munalilia nani hapa? Bwana yako niliona kule Tanga, anacheza ngoma!”

Nikamwambia, kama wanaocheza ni Waislamu, ile si ngoma, ni Maulidi.

“Basi anacheza Maulidi! Lakini anacheza mubaya.”

Alisema gari lao lilizuiwa na watu wengi wenye matari na bendera za kijani, wanatoka upande wa Ngamiani. Katika mstari wa wanaume, wote wanainama kuume, mmoja peke yake anainama kushoto, anakanyaga wenzake. “Nikasema njo yeye mwenyewe, dereva yetu.” Unamjua Jafari. Kila mwaka hapa tulimcheka kwa hiyo kushoto yake. Kakule aliita jina, mtu yule akageuza uso mara moja, halafu bendera zikamfunika.

Kahambu, mke wa Kakule aliyekuja naye, akanipiga bega, “Sasa weye ni mujane wa mutu anayeruka-ruka?” Wote wakacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

Lakini yaya, labda huko kwenu kuna wengi wanaokosea. Au labda kuna kundi linaloanza kushoto, wewe unajua zaidi. Kama ni yeye, alifikaje? Na kwa nini hajagonga kwako? Halafu nakumbuka mlihama kutoka Makorora Jafari alipokuwa safarini, na siwezi kukumbuka kama nilimwambia.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Kama alisikia katié yetu ilifunikwa yote, na hakuona mtu wa kumwambia tulivuka, yeye naye anatuhesabu vipi? Maulidi yenu mliisoma kabla ya yetu. Inawezekana alisimama huko, katikati ya wanaume msiowajua, akataja jina langu na la watoto, na ninyi wote mkasema amina.

Kwa hiyo nakuomba, uende Ngamiani kwa wapiga matari, uulize mgeni wa Kongo. Ukimwona, usimwite ghafla, anaweza kudhani umemletea habari ya kifo. Anza na salamu za watoto, mmoja mmoja kwa jina, ndipo unitaje mimi. Kama si yeye, niandikie hivyo hivyo, usinifiche.

Wape salamu shemeji na mwanenu Tatu. Asumini anakubusu mikono. Yuma pia anakusalimu, ingawa ananikwepa macho. Mola awalinde na bahari yenu kama alivyotulinda na mlima wetu.

Nilipofika hapa pa kutia jina, kalamu ilisimama kati ya mke na mjane. Nimeswali, nikavua shuka, nikaikunja. Kesho asubuhi nitashuka ziwani kununua sambaza, na watakaosema waseme. Kama nimekosea, Mungu ndiye anayejua kwamba mimi sijui.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Alima, mke wa Jafari