Mtihani Ulioniuliza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu ukiwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, si umesimama jikoni kama ninavyokujua. Presha inaendeleaje? Vidonge vya asubuhi unameza vyote, au bado nusu unaiwekea kesho? Baba mdogo kifua kimemwachia? Mimi mwili mzima, kazi ipo, na sare za wahudumu wa hoteli bado zinapita kwenye cherehani yangu kila siku, mafungu kwa mafungu. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa, na mwezi huu nimeongopa vya kutosha.

Barua hii nimempa mke wa yule fundi bomba tuliyesafiri naye siku ile ya kwanza. Anakuja likizo, na nimemsihi akukabidhi wewe mwenyewe, si jirani. Kwenye simu nimeshindwa. Zile mara mbili uliponiuliza Kifunguo anafanya mtihani gani, kisha ukasikia kimya, ukalaumu mtandao, mtandao haukuwa na kosa, Mama. Nilikata mwenyewe.

Sasa vuta pumzi kwanza. Mdogo wangu Kifunguo hatujui alipo. Leo ni siku ya ishirini na nne. Simu yake imezimwa tangu Jumapili ile aliyokupigia, kwa hiyo wewe ndiye wa mwisho kati yetu kuisikia sauti yake. Hospitali nimezizunguka zote, wodi kwa wodi, mpaka wauguzi wakaanza kunisalimia. Mahabusu nako nimeuliza. Polisi waliandika maelezo yangu, wakaniambia mtu mzima akihama chumba si kwamba amepotea. Nilitamani kumvua yule askari kofia nimwonyeshe kupotea kukoje.

Najua unachokumbuka. Siku tunaondoka ulinishika mkono mlangoni ukasema huyu ni Kifunguo, na funguo huwa zinapotea, kwa hiyo nimfunge kamba. Tulicheka. Jina lile alilipata kwa kufungua kabati lako kwa kijiko akiwa na miaka sita, na huku alikuwa fundi wa lifti, anapanda juu ya majengo ambayo mimi nikiyatazama tu shingo inauma. Nilijiambia mwanamume wa miaka ishirini na tisa hafungwi kamba. Nilimwona kila Jumapili kanisani, nikahesabu kwamba kumwona ndiko kumwangalia.

Kanisa lenyewe hujawahi kunielewa nikikueleza, acha nijaribu tena, maana bila kulijua hutaelewa nilichofanya. Tunasali kwenye ukumbi wa shule tuliopangishwa, sakafuni kuna mistari ya michezo, na viti ni vya kukunja. Sisi ni watu wa mataifa kumi na moja tuliofuata kazi, na kila mmoja kaja na namna yake. Kuna wanaopiga magoti, kuna wanaosimama, kuna wanaorukaruka. Mhandisi mmoja wa barabara anaomba huku akitazama saa, kama Mungu amechelewa kuleta saruji. Muuguzi mmoja, mama mnene wa sauti nzito, anaomba kana kwamba anamwamuru Mwenyezi atandike kitanda. Juu ya ubatizo walishindana miaka miwili, wa kuzamishwa au wa kunyunyiziwa, mwishowe wakakubali kila mtu abaki na maji aliyobatizwa nayo kwao. Yale waliyokubaliana yameandikwa kwenye karatasi moja mlangoni: Mungu mmoja, Mwana aliyekufa akafufuka, Roho anayetukusanya. Mstari wa mwisho tunausoma wote kwa pamoja kabla ya kuketi, kwa lugha ya huku tunayoielewa sote: “Tuko mbali na kwetu, basi tuwe ndugu wa kwanza kufika.”

Halafu kuna sanduku la kadi. Mwenye ombi anaandika kwa lugha yoyote, bila jina, anatumbukiza. Wakati wa maombi, kila lugha ina msomaji wake, anachukua kadi za kwao, anazitafsiri kwa sauti, na ukumbi mzima unaomba. Msomaji wa lugha yetu ni mimi. Usinisifu, hakuna mwingine. Wenye lugha yetu pale tulikuwa wawili tu, mimi na mwanao, na yeye alikuwa haandiki. Kadi zote za Kiswahili zilikuwa zangu: niliandika, nikatumbukiza, nikatoa, nikasoma. Mguu wako huo, Mama, unajulikana na mataifa kumi na moja.

Miezi hii ya karibuni Kifunguo alibadilika, na macho ninayo, niliona. Alikuwa anakuja na nguo za kazini hata Jumapili. Alianza kukaa safu ya mwisho. Mara ale mikate ya chai kama aliyetoka kufunga, mara asiguse kabisa. Unajua nilifanya nini? Nilimgombeza kuhusu ndevu. Nilimwambia watu watadhani hana dada.

Jumatatu baada ya ile Jumapili ya mwisho nilikwenda chumbani kwake baada ya kazi. Mlango ulifunguliwa na mama mwenye mtoto mgongoni, akaniambia wao wanaishi pale mwezi wa pili sasa. Nikaenda kwenye kampuni yao. Karani aliniambia, bila kuinua uso, kwamba mafundi sita walipunguzwa tangu mwezi wa pili na yeye ni mmojawapo. Huku ugenini kazi ikiisha, kibali cha kuishi nacho kinafuata. Fundi mwenzake mmoja akanionea huruma, akanielekeza jengo la ghorofa kumi na nne walilokuwa wakilihudumia zamani. Mlinzi akanipandisha juu kabisa, kwenye chumba cha mashine ya lifti. Kulikuwa na maboksi yaliyokunjuliwa yakawa godoro, shati limetundikwa kwenye msumari, na begi lake la vifaa. Mashine ile ikiwaka, Mama, chumba chote kinatetemeka. Mlinzi alisema alilala hapo wiki nane. Yeye hakuwepo.

Nilikaa juu ya yale maboksi nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Lakini uliniuliza kuhusu mtihani, na wewe si mtu wa kujibiwa nusu.

Hakuna mtihani, Mama. Hajawahi kuwa na mtihani wowote. Niliutunga mimi.

Jumapili ile kulikuwa na kadi moja ya Kiswahili, na mara hii sikuwa nimeandika mimi. Nilisimama mbele, kipaza sauti mkononi, nikaisoma kimoyomoyo kabla ya kutafsiri kama tunavyofanya. Mwandiko niliujua kabla ya maneno, ile “k” yake yenye mkia. Nakunakilia yote, nukta kwa nukta: “Ndugu, sina kazi tangu mwezi wa pili. Kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi huu. Nalala juu ya jengo na nimewadanganya watu wangu. Asubuhi naamka, sioni nimeamkia nini. Naiogopa nafsi yangu. Sihitaji kitu, nahitaji mtu. Baada ya ibada nitabaki safu ya mwisho. Anayeweza, aje akae nami.”

Ukumbi ulikuwa unanisubiri. Wenye Kiswahili tulikuwa wawili, kila mtu angejua ni wa nani. Wiki iliyofuata nilikuwa niwekwe kuwa mzee wa kanisa, na wewe ulishawaambia kina mama wote huko. Halafu nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika kwamba amewaambia watu baki kabla ya kuniambia mimi dada yake. Nikasema moyoni ya nyumbani yamalizwe nyumbani, kesho nitamfuata. Mdomo wangu ukatangaza kwamba kuna kijana ana mtihani mgumu wa kazi, anaogopa kushindwa, tumkumbuke.

Wakamkumbuka. Yule muuguzi alisimama kabisa, akamwamuru Mungu amfungue kijana kumbukumbu. Zikapigwa amina za kila taifa. Mimi nilitazama safu ya mwisho. Kifunguo aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyebisha hodi, akasikia walio ndani wanazima redio.

Watu walikwenda kwenye chai. Yeye alibaki, kama alivyoandika. Zamu ya kukunja viti ilikuwa yangu, nikaanza mbele, safu kwa safu, nikirudi nyuma, na kila safu nikijiambia nikimfikia nitakaa. Nilipomfikia nilimuuliza kama amekunywa chai. Akasema, “Nimeshiba, dada.” Nikamwambia anyanyuke basi, nimalizie. Akanyanyuka, akakunja kiti chake mwenyewe, akanipa mkononi, akatoka.

Mchana wake akakupigia wewe, akakuambia kanisa limemwombea kwa ajili ya mtihani. Alinifichia, Mama. Alikuwa anazama, akaushika uongo wangu akauleta kwako kwa sauti ya furaha ili nisiumbuke. Na kuna jambo nililoliona baadaye, nikiwa kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye kitambaa na kidole pamoja. Ile lugha ya pale ukumbini Kifunguo anaiandika vizuri kuliko mimi. Angeiandika kadi kwa lugha hiyo, ingesomwa na mtu mwingine, na mtu angekuja. Aliandika kwa Kiswahili makusudi, ili ipite mikononi mwangu. Hakuwaambia watu baki kabla yangu. Aliniambia mimi, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa imembakia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami kilio hicho nilikibeba wiki tatu nikiendelea kuimba. Uzee wa kanisa nilijisingizia mafua, wakauahirisha. Jumapili iliyopita nikashindwa. Wakati wa kadi nilisimama nikaitoa ile ya Kifunguo kwenye mfuko wa gauni, nikawaambia kwamba kadi hii mlishaisikia, lakini sikuisoma, leo nitaisoma. Nikaisoma yote. Nikawaambia ni mdogo wangu, na kwamba siku ile alikaa pale nyuma akingoja ndugu wa kwanza kufika, na aliyefika alikuwa mimi, nikamnyang'anya kiti.

Mhandisi hakutazama saa. Yule muuguzi akatoka kwenye kiti chake akaja mbele, nikajua ananizaba kibao, na nikaona ni haki yangu. Akaniuliza mdogo wangu ana urefu gani na alivaa nini, akaandika kwenye kiganja chake. Mchungaji alikunja hotuba yake akaitia mfukoni, akasema, “Ibada ya leo ni kumtafuta.” Kwa uzee wa kanisa aliniambia faraghani kwamba umekwisha, nikamwambia hata angenipa nisingeupokea.

Wametafuta kuliko polisi, Mama. Wamegawana mitaa wawili wawili. Mmoja wao anayejua mambo ya vibali amesema akipatikana atakwenda naye ofisini, hatasimama peke yake. Na habari tuliyopata ni hii moja, ndogo, naishika kwa mikono yote miwili. Mlinzi wa zamu nyingine kule kwenye jengo anasema Kifunguo alikuja siku kumi na moja zilizopita, akachukua begi la vifaa. Mtu aliyekata tamaa kabisa habebi bisibisi. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka sijui tena kama ni kweli au nimetunga tu kama nilivyoutunga mtihani.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Utanisamehe au utanilaani ukiniona. Ninachokuomba ni simu yako iwe na chaji na iwe karibu nawe, hata ukienda bafuni. Akipiga, atakupigia wewe. Usimgombeze, na usimuulize mtihani. Mwambie kadi yake imesomwa, yote, mpaka mstari wa mwisho. Mwambie safu ya nyuma haikunjwi tena. Baada ya ibada kuna mtu anakaa pale mpaka shule inafungwa geti: Jumapili hii ni mimi, ijayo ni muuguzi, itakayofuata ni mhandisi, na saa yake kaahidi ataivua. Kadi yenyewe nimeitia humu ndani ya bahasha. Itunze wewe, maana mimi imeshanishinda kuitunza.

Nisalimie baba mdogo na watoto wote. Jirani akiuliza, sema tu nimeandika. Na wale kina mama wa kanisani uliosema wamefunga siku tatu ili Kifunguo afaulu, wape salamu zangu na uwaambie ukweli, hata kama utaona aibu kwa ajili yangu. Kisha waombe wasiache kufunga. Wabadilishe ombi tu.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
uliyemkabidhi mdogo wake.