Kalamu ya Mkono wa Kushoto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Magoti yameizoea baridi, au bado unapanda ngazi za duka huku ukiyabembeleza? Sisi huku tupo. Cherehani inanguruma, wateja wote wanataka mapazia yao jana, na mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele, sasa kila akitamka "s" anapiga mluzi bila kukusudia. Anakuamkia sana.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu tumezoea vibaya, Mama. Wewe huuliza Baba yako anaendeleaje, mimi husema anaendelea, kisha wote tunakimbilia habari za mvua. Safari hii nina mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitaishia njiani. Kwa hiyo tafuta pa kukaa, uvae miwani ya kusomea.

Nilikwambia kiharusi kimemwachia Baba udhaifu wa mkono wa kulia na kwamba anaongea kwa shida. Ukweli ni kwamba haongei kabisa. Anaelewa kila tunachomwambia. Ukikosea kidogo habari za mpira anakukata jicho. Lakini akifungua kinywa hutoka "mba, mba" tu, na akiisikia sauti hiyo hugeuza uso ukutani. Mtaalamu wa kufundisha kusema alimletea ubao wa herufi, a mpaka z, awe anaonyesha maneno kwa kidole. Baba aliutazama kama mtu aliyepewa funguo za nyumba ya jirani. Herufi hazikumpa chochote. Aliusukuma ukaanguka, mtaalamu akauokota, Baba akausukuma tena. Tangu hapo tukawa tunamsemea sisi. Anataka chai, tunasema. Amechoka, tunasema. Nadhani mara nyingi hakutaka chai wala hakuwa amechoka.

Mchana huwa namweka karibu na meza yangu ya kukatia, apate mwanga na kelele za watu. Kidole chake cha kushoto kilikuwa hakitulii. Kinachora kwenye paja, kwenye shuka, kwenye kioo cha dirisha chenye mvuke. Nilidhani ni mishipa tu. Halafu siku moja akachukua chaki yangu ya kuchorea akachora kwenye kitambaa cha mteja, kitambaa kizito cha kijivu cha ofisi ya mawakili. Nilimfokea, Mama, sitakuficha. Nikachukua brashi nianze kufuta, mkono ukasita. Sikuweza kuisoma ile michoro, lakini niliijua. Ndiyo uliyokuwa ukiandika kwenye makopo ya viungo, ndiyo mliyokuwa mkiachiana kwenye vikaratasi mlangoni mwa friji ili tusijue mnatusema nini.

Sisi watoto tulikiita Kichina chenu lugha ya kufunga mlango. Mkianza kukiongea mezani tulijua ama kuna zawadi, ama kuna mtu ataitwa chumbani. Habari za ujana wenu masomoni kwa Wachina hatukuzipata, zaidi ya kwamba Baba alirudi mhandisi wa maji, wewe ukarudi mfamasia, na mlirudi mmeshaoana. Ulipohamia huko uliko sasa, Kichina nacho kilihama nyumba hii. Sikumsikia Baba akikitamka tena na nikadhani amekisahau. Kumbe hakuwa na wa kuongea naye.

Nilikipiga picha kitambaa nikaenda chuoni kwa mwalimu wa Kichina. Ni mama wa makamo, Mchina wa kuzaliwa, anayeongea lugha yetu polepole kama anayevuka barabara yenye magari. Aliigeuza simu yangu huku na huku, akasema mstari huu umeruka, huu umegongana na mwenzake, lakini hapa pameandikwa "dirisha" na hapa pengine ni "fungua". Mama, siku zote hizo alikuwa anaomba tumfungulie dirisha.

Daktari hakushangaa. Alisema kwa baadhi ya wagonjwa lugha moja hugoma na nyingine ikabaki mkononi, na akatuomba tusiulize sana kwa nini, tuitumie. Ndipo Mwalimu akaja nyumbani. Tulianza na karatasi na penseli. Mkono wa kushoto ukatetemeka, penseli ikatoboa, karatasi ikateleza, na kila mstari ukienda kombo Baba alikunja karatasi akaitupa. Tukajaribu simu, lakini kidole chake kilifunika alama nzima aliyokuwa akiichora. Mwalimu akanieleza kuwa Wachina wengi kwenye kompyuta huandika matamshi kwa herufi hizi hizi zetu, kisha kompyuta inawaletea alama za Kichina wachague. Lakini herufi hizi zetu ndizo zilizomkimbia Baba. Akasema kinachotufaa ni kibao cha kuandikia kwa mkono, kile unachochora juu yake kwa kalamu yake maalumu, kompyuta ikaitambua alama na kuiandika.

Basi tukaenda dukani, Mwalimu, mimi, na Baba kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilitaka kumwacha nyumbani, Mwalimu akakataa. Aliniuliza kama mapazia nayo huwa nachagua bila kuliona dirisha.

Muuzaji ni bwana mmoja mwenye miwani juu ya kipaji cha uso, anayemwita kila mtu bosi, hata mlango wa duka nadhani anauita bosi. Alitutandikia vibao mezani. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kiganja, cha kuandika kwa kidole. Baba alikigusa, kidole kikatoka nje ya ukingo kabla hata alama haijafika nusu. Akakirudisha mwenyewe.

Cha pili kilikuwa cha fahari, Mama, chenye kioo chake, wino unatokea papo hapo chini ya kalamu. Hata mimi nilikitamani. Baba akaanza kuandika "maji". Akavuta mstari wa kwanza na kijistari pembeni, akanyanyua mkono kupumzika, maana mkono wake sasa hufanya kazi kwa kituo. Kabla hajarudi, kifaa kikaamua amemaliza, kikaandika "ndogo". Akarudia, kikaandika "ndogo" tena. Muuzaji alikuwa anasifu. "Hiki kina akili, bosi. Hujamaliza, chenyewe kimeshajua."

"Hakijui," Mwalimu akamjibu. "Kinakatiza watu."

Baba akaweka kalamu chini. Niliona shingo yake inaanza kugeuka kutafuta ukuta, na humo dukani kila ukuta ulikuwa umejaa simu. Nikajilaumu kwa kumleta.

Cha tatu kilikuwa kimekaa chini ya vingine, ubao mweusi mpana wenye waya, hauna kioo wala mbwembwe. Unaandika hapa, unatazama kule kwenye kompyuta. Muuzaji akasema hicho kinawasumbua wazee kwa sababu mkono na macho haviendi pamoja. Mwalimu alikivuta kwake. Alikiunganisha na kompyuta ya dukani akaanza kupekua mipangilio yake, na mimi sikujua anatafuta nini mpaka alipoguna kwa kuridhika. Alikuwa amepata mahali pa kukiambia kifaa kisubiri muda gani baada ya kalamu kunyanyuka. Akauvuta mpaka mwisho.

Baba akaandika. Akanyanyua. Sote tukaikodolea macho kompyuta, hata muuzaji. Kile kitu kikatulia. Baba akapumua, akarudi, akaongeza mstari, akanyanyua tena, akarudi tena. Kwenye kompyuta ikatokea "maji", nyeusi, imenyooka, haina mtetemo wowote. Muuzaji akashusha miwani yake machoni. Baba akauweka mkono wake wa kushoto juu ya ule ubao, hakuutoa. Hivyo ndivyo tulivyochagua.

Nyumbani nikaona kalamu ni nyembamba kwa vidole vyake, nikaikatia kipande cha sponji nikakivika salio la kile kitambaa cha kijivu. Mwalimu akawa anapita kila anapotoka chuoni kutusomea. Ungependa kujua mume wako alituambia nini baada ya ukimya wote ule? Alisema supu haina chumvi. Halafu akasema redio ipunguzwe. Halafu akasema niache kumuuliza "tumeoga?" na "tumekula?", kwani yeye haoni mahali mimi na yeye tunapooga pamoja. Mwalimu alisoma hayo kwa heshima zote, mimi nikacheka mpaka nikalia, na sijui kilio kilianzia wapi.

Baada ya hapo akaanza kuandika kitu kirefu. Kila asubuhi kidogo kidogo. Nikisogea alikuwa anagonga meza niondoke, ingawa anajua siwezi kusoma hata alama moja. Alipomaliza akaonyesha mashine ya kuchapia. Ilipotoka karatasi, Mwalimu alisoma juu kabisa, "Alfajiri". Nikauliza alfajiri kumekuwaje. Akasema siyo wakati, ni jina la msichana, la aina wanayopewa wanafunzi wageni na walimu wao. Baba alikuwa ananitazama mimi, siyo Mwalimu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nimekuwa binti yako umri wangu wote, Mama, na sikujua una jina hilo.

Karatasi yenyewe nimeitia humu. Ninakuandikia niliyoyasikia ili ujue na mimi nimeyasikia, usije ukaniambia ni salamu tu. Baba alikubali kwa kichwa nisomewe.

Anasema bomba la jikoni bado linavuja, na kwamba yeye aliyewapelekea maji watu wa miji mizima hajaligusa, kwa sababu siku unaondoka ulisema utarudi likishatengenezwa, naye aliogopa kulitengeneza halafu usirudi. Anasema alikuahidi kukufuata bwawa alilokuwa akilijenga likikamilika, na bwawa lilikamilika. Hapo ndipo nilipomwomba Mwalimu asome taratibu. Anasema alikuja, Mama. Sisi alituaga kwamba anakwenda kikaoni. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya duka lako la dawa, begi la nguo liko miguuni. Alikuona kupitia kioo, umevaa koti jeupe, unamweleza bibi mmoja namna ya kunywa vidonge vyake, mara ya kwanza, mara ya pili, bila kuchoka. Ulipotoka kufunga mlango ulikuwa unacheka na mlinzi. Akajiambia kwamba amechelewa, kwamba wewe umeshatulia na yeye angekuja kukuvuruga. Akasubiri mpaka ulipopotea kwenye kona, akapanda basi la kurudi. Anasema tangu hapo, kila anapofumba macho, anavuka ile barabara.

Sikujua, Mama. Nilikuwa nawahesabu nyote wawili kuwa wakaidi, basi. Nilikuwa nakuona wewe unavyouliza "Baba yako" kwa sauti ya kawaida mno, namwona yeye anavyotoka chumbani kila nikitaja jina lako, nami nikasema hawa wameshindana wacha washindane.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nisiweze kukupigia simu. Baada ya karatasi ile kuchapwa, Baba aliacha kuandika mengine. Hata chumvi hakuisema. Alikuwa anakaa na uso kwenye mlango, na kila mlango ukifunguliwa alitazama mikono ya anayeingia. Kumbe mimi karatasi nilikuwa bado ninayo, sijui niitume vipi, naogopa utaisoma na kuikunja, naogopa utaisoma na kukaa kimya. Nikamwomba Mwalimu aniandikie jibu la Kichina kwa jina lako. Hakupenda, lakini alikuwa amemwona Baba anavyoutazama mlango. Tukaandika maneno mazuri. Kwamba umeipokea, kwamba umeguswa sana, kwamba unamwombea apone haraka, kwamba yaliyopita yamepita. Chini tukatia Alfajiri.

Baba aliisoma yote. Akatabasamu kwa ule upande wa uso unaotii. Kisha akaomba kalamu, akaandika polepole, na Mwalimu akanisomea huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Alikuwa ameandika, "Binti yangu, ahsante. Lakini huyu si mama yako. Mama yako angeanza kwa kunigombeza."

Nikamwomba radhi. Akanishika kidole gumba akakibana, kama alivyokuwa akifanya tukivuka barabara nilipokuwa mdogo. Hakukasirika. Ila jioni ile hakula, na mimi sitarudia tena kukusemea.

Anwani yetu ni ile ile. Kama mkono wako umesahau zile alama, andika vyovyote, Mwalimu atasoma. Sikuombi urudi, Mama, wala sikuombi umsamehe. Hayo ni yenu na mlango wenu. Naomba umgombeze. Anza mwanzo kabisa, usimwachie hata moja, hata la benchi.

Wape salamu wote wa dukani, na yule mlinzi mwambie namsalimu. Mjukuu wako anasema ukiandika umtajie na yeye. Ujitunze kwa baridi hiyo.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako