Nyama Haipimi Macho ya Kamanda

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Kaka,

“Mbwa anayedaka nyama hewani hana ugonjwa wa macho. Acheni kumtia dawa.” Hayo ni maneno yako uliyomtumia wifi, na leo nayajibu. Lakini Mama hakutulea kugombana kabla ya kusalimiana. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama ameacha fimbo, anatembea mwenyewe na kila siku anakuulizia.

Sasa tuje kwenye nyama. Huyo mbwa wako Kamanda angeidaka hata ungemfunga kitambaa usoni, kwa sababu mbwa huinusa nyama kabla hajaiona. Kaka yangu, umepima pua ukatangaza matokeo ya macho! Nilipomsomea Mama ujumbe wako alicheka mpaka akashika mbavu.

Daktari wa mifugo alimpima kwa pamba, kitu kisicho na harufu wala kishindo. Alimziba jicho la kushoto, akadondosha pamba mbele ya la kulia. Kamanda alitulia kama kinyago. Akaziba la kulia, akadondosha tena, na kichwa kikaifuata pamba hadi sakafuni.

“Dada, hili bado lina mwenyewe,” daktari akaniambia.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayapati njia ya kutoka, basi yanabana. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, na humo zimo seli zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zikibanwa hunyauka, kisha hufa, na zikifa hazirudi. Seli jirani zilizokuwa zikizishikilia huvimba, hubadilika, huziba pengo kama kovu. Kovu linaziba, Kaka, lakini kovu halioni.

Jicho la kulia limeshafika huko. La kushoto presha imeanza kupanda. Seli zake zinateseka ila nyingi bado hai, na kinachozilinda ni hayo matone unayoyapiga marufuku ukiwa huko mbali.

Eti amekuwa mkorofi, anawang’akia watu na kusugua kichwa mlangoni. Hayo ni maumivu. Na nani asiyeshtuka akiguswa kutoka upande asiouona? Wewe ukiumwa jino, nyumba nzima hailali!

Chupa ya dawa niliiokota kwenye pipa la taka la kwako, kizibo hakijafunguliwa. Jana asubuhi nikamtia. Jioni nikakuta geti lako lina kufuli.

“Wifi, mimi sina neno,” mkeo akaniambia kupitia nondo. “Mwenye mbwa kasema.”

“Mwenye mbwa yuko mbali. Mbwa yuko hapa.”

Hakufungua. Leo nimerudi, na kesho nitarudi. Mdomo wangu unaujua, haujawahi kuchoka kabla ya kufuli.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anasema ule vizuri. Mungu akulinde kazini na akurudishe mzima, umkute Kamanda anakutazama na si kukunusa tu.

Basi wewe, Kaka, picha ya barua hii nakutumia kwa simu sasa hivi; ukimaliza kusoma mpigie mkeo umwambie afungue. Na wewe, wifi, maana najua atakusomea barua hii: toa kufuli jioni hii. Nitakuwa getini na chupa mkononi.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea.