Gharama ya Mnazi Usiogemwa

Jumamosi, Mtongwe. Mvua haijakatika tangu alfajiri, buibui langu linadondosha maji kwenye kamba, nami nimekaa nacheka peke yangu. Leo niache nijisifu.

Sikuteremshwa darasa.

Darasa letu la uchumi, hatua ya pili, liko Changamwe, kwenye ukumbi wa mabati ambao mvua ikinyesha husikii neno. Mwalimu wetu ni Bwana Menezes, Mgoa mwembamba asiyecheka. Tunamwita Profesa, nusu heshima, nusu hofu. Kila Jumamosi huita mtu ubaoni achore na aeleze bila kitabu. Ukishindwa mara mbili, unarudishwa kwa wanaoanza. Wamekwisha kurudishwa makarani wa bandarini na tai zao shingoni. Uhuru unakuja, ofisi zitataka watu wetu wenye vyeti, na atakayerudishwa sasa atakuta nafasi zimejaa. Mwanamke darasani ni mimi tu, na nilikwisha kushindwa mara moja.

Nilishindwa kwa mazoea ya chuo cha Kurani. Huko tulilelewa kuhifadhi, na mimi nilikuwa bingwa. Basi nikahifadhi mlango mzima wa kitabu cha uchumi, nikasimama nikausoma kwa ghibu, mwili ukiyumba kidogo kama niko mbele ya maalim. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maana ya sentensi ya kwanza. Nikaisoma tena vile vile.

Leo akaniita tena. Aliuliza: kitu kinawezaje kuwa na gharama ikiwa hakuna aliyetoa hata senti? Kurasa zote nilizohifadhi zikanijia mdomoni. Nikazimeza.

Nikaeleza minazi ya baba. Wagema wa tembo, ile pombe ya mnazi, humjia kutaka kuikodi, na kodi yao inashinda bei ya nazi. Lakini mnazi ukigemwa hauzai, maana tembo hutoka kwenye kole lile lile la maua ambalo lingetoa nazi. Majirani wengine hukodisha. Baba hataki, kwa ajili ya dini. Nikasema, kwa anayekodisha, gharama ya tembo ni nazi alizoziacha. Kwa baba, gharama ya nazi ni ile kodi ya wagema, na anailipa kila anapoangua, ingawa hajatia mkono mfukoni. Nikachora nazi upande mmoja, tembo upande wa pili, na mstari unaoteremka kati yake.

Profesa aliufuata mstari wangu kwa kidole mpaka chini.

"Kaa, Bi Mwanasha," alisema. "Leo umesema wewe, si kitabu."

Akawaamuru wengine wanakili. Wanaume wazima wakainama wakachora minazi ya Mtongwe! Nilijivuna njia nzima, na kwenye feri nikasimama mbele kabisa kama mke wa liwali, nikilowa kwa raha zangu.

Nyumbani nilimkuta baba barazani anafua nazi. Nikamwamkia, nikamsimulia. Kwanza alikunja uso, kwamba nimelitaja jina lake pamoja na tembo mbele za watu. Nikamweleza upya, polepole. Akafua nazi nyingine, tabasamu likimtoka. Nikaona amefurahi, nikamchokoza: na kunisomesha mimi, je, ameacha nini?

Sikutarajia jibu.

"Posa mbili," alisema. "Za watu wa heshima. Mamako alilia."

Nikamuuliza mbona sikuambiwa.

"Usije ukasoma kwa hofu, mwanangu."

Akarudi kwenye nazi zake. Mimi nikaingia ndani upesi, asinione machozi.

Nami miezi yote hii nimesoma kwa hofu, tena ya kujitakia. Jumamosi ijayo, inshallah, sitangoja kuitwa ubaoni.